Kumkanya Mtawala na Mpaka Wake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeamrisha uadilifu na kuharimisha dhulma. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na aali zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika miaka hii imezidi khabari ya watu kuwazomea wakubwa wa serikali mahali pa hadhara. Mbunge huenda mazikoni akakatizwa maneno. Waziri husimama msikitini baada ya sala ya Ijumaa, au kanisani siku ya Jumapili, atake kuzungumza siasa, akazomewa hatta akashuka. Nambari ya simu ya mtu hutangazwa, akapelekewa matusi usiku na mchana. Na mwengine hufuatwa hatta mlangoni kwake, alipo mkewe na watoto wake. Nchini Kenya mambo hayo yalifikia kilele mwezi wa Juni 2024, ulipojadiliwa Bungeni mswada wa fedha wa kuongeza kodi. Mji wa Mombasa nao ulikuwa na waandamanaji wake, na wengi wao walikuwa vijana wa Kiislamu.

Basi katika barza na misikiti ya pwani watu wakagawanyika mafungu mawili. Fungu moja lasema kwamba mtawala hajibiwi wala hakanywi hadharani, na amkanyaye ni mtu wa fitina. Fungu la pili lasema kwamba dhalimu hana heshima yoyote: nyumba yake, jina lake, watoto wake na mwili wake, vyote ni halali kwa aliyedhulumiwa. Kulla fungu lina dalili zake mkononi, na kulla fungu limesoma nusu ya kitabu likakifunga.

Na laanziwe fungu la kwanza, kwa kuwa kosa lake ndilo linalopendwa zaidi na wakubwa.

Mtume (s.a.w.) alikuwa ndiye mkuu wa dola ya Madina, na hapana katika viumbe aliyestahiki heshima kuliko yeye. Amepokea Anas bin Malik kwamba siku moja alikuwa akitembea naye, na Mtume amevaa joho la Najran lenye upindo mgumu. Akaja bedui kwa nyuma akalivuta joho lile kwa nguvu, hatta upindo ukaacha alama shingoni mwa Mtume, kisha akamtaka ampe katika mali ya Mungu iliyo kwake. Mtume akageuka, akamtazama, akacheka, akaamrisha apewe. Na mtu mwengine aliyekuwa akimdai ngamia alikuja akamsemesha maneno makali, na masahaba wakataka kumwadhibu; Mtume akawakataza, akawafahamisha kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema, na akamlipa ngamia bora kuliko yule wake. Tena siku ya kugawanya mali alisimama mtu akamwambia afanye uadilifu! Umar akaomba ruhusa ya kumkata shingo, asipewe. Neno hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, maana alitukanwa katika uadilifu wake, naye ndiye mwadilifu wa viumbe. Na juu ya hayo mtu yule akaondoka na kichwa chake.

Baada yake Khalifa Umar aliambiwa na mtu mbele ya watu amche Mungu. Mmoja wa waliohudhuria akaona kuwa huo ni utovu wa adabu, akamkemea yule mtu. Umar akamwambia amwache aseme, kwani raia hawana kheri kama hawalisemi neno hilo, na watawala hawana kheri kama hawalisikii.

Hao ni viongozi waliokubali kukanywa. Je, asiyekubali? Hapa pana khabari ya Abu Said al-Khudri na Marwan bin al-Hakam, liwali wa Madina, nayo yafaa izingatiwe kwa utulivu, maana ndani yake yamo yote yanayotafutwa. Ilikuwa siku ya Idi. Sunna ya Mtume ni kusali kwanza kisha kuhutubu, lakini Marwan alitaka kupanda mimbari kabla ya sala. Abu Said alikuwa naye kando, akamshika nguo akamvuta. Marwan akajivuta, akapanda, akahutubu. Abu Said akamwambia mbele ya watu kwamba wamebadilisha. Marwan akatoa udhuru wake, nao ni udhuru wa wanasiasa wa zama zote: kwamba watu hawakai kuwasikiliza baada ya sala, basi khutba imetangulizwa ili wasipate pa kwenda.

Na watazamwe aliyekanya na aliyekanywa. Ubaya ulifanywa hadharani, na makanyo yakaja hadharani. Ulifanywa katika uwanja wa sala, na makanyo yakaja katika uwanja huo huo. Abu Said alilitaja tendo. Hakutaja nasaba ya Marwan, wala umbo lake, wala mama yake. Alishika nguo, hakushika upanga. Na Marwan alipokataa, Abu Said alikuwa amekwisha timiza lililomlazimu, wala haikupokewa kwamba alimfuata nyumbani.

Kwa hiyo wasemao kwamba kumkanya mkubwa mbele ya watu ni haramu kwa hali zote, wanamkosoa sahaba huyu kabla ya kumkosoa kijana wa Mombasa. Kweli, nasaha ya siri ni bora pale inapowezekana na inaposikilizwa. Lakini mtu masikini wa Likoni au wa Lamu hana mlango wa siri wa kumwingilia waziri. Na mkubwa aliyechagua mwenyewe kuileta siasa yake msikitini asistaajabu akijibiwa humo humo. Hatta hivyo anayemjibu angoje sala na khutba zimalizike, kwani khutba ni haki ya waumini wote, si mali ya waziri wala ya mwenye kumzomea waziri.

Sasa fungu la pili.

Wao hushika aya ya Sura ya Nisaa ambayo Mwenyezi Mungu ameeleza humo kwamba hapendi maneno mabaya yatangazwe, illa kwa aliyedhulumiwa. Husema: sisi tumedhulumiwa, basi mlango umefunguliwa. Ni kweli umefunguliwa, walakini kwa kadiri yake. Wafasiri wameeleza kuwa aliyedhulumiwa aweza kuitaja dhulma aliyofanyiwa na kumwombea Mungu dhidi ya aliyemdhulumu. Hapana katika aya hiyo ruhusa ya kumzulia asilolifanya, wala kumtukana asiyemdhulumu. Mke wa mbunge hakupiga kura Bungeni. Mtoto wake aendaye chuoni hakutoza kodi. Na Sura ya Maida imekataza chuki ya watu isiwapeleke Waislamu katika kuacha uadilifu. Na katazo hilo lilishuka juu ya maadui, sembuse watawala waliochaguliwa kwa kura na wanaoweza kuondolewa kwa kura.

Imam Ghazali, katika kitabu chake cha Ihyau Ulumi-Ddin, amepanga daraja za kukataza maovu. Raia kwa mtawala wake ana daraja mbili zisizo na mzozo, nazo ni kumjulisha na kumwaidhi. Kumzuia kwa mkono si kazi ya raia mmoja mmoja, kwani huamsha fitina na shari iliyo kubwa kuliko ile inayoondolewa. Ama maneno makali, kama kumwita dhalimu au asiyemcha Mungu, amefafanua kwa ufundi: ikiwa madhara yatamrudia msemaji peke yake, yafaa, na ni jambo la kusifiwa, ikiwa yatawafikia wengine, haifai. Mizani hii ni ya thamani sana. Kijana anayesimama kwa jina lake na uso wake, tayari kukamatwa yeye, hafanani na yule anayechochea kutoka nyuma ya simu, kisha risasi zikawapata watoto wa wengine.

Ama nyumba, hukumu yake iko peke yake. Sura ya Nuur imekataza kuingia nyumba za watu bila ya idhini na salamu, wala haikubagua nyumba ya mnyonge na nyumba ya mkubwa. Imepokewa kwamba Umar, naye ni khalifa, alisikia sauti ya ulevi usiku akapanda ukuta wa nyumba akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamjibu kwamba yeye ameasi mara moja, na khalifa ameasi mara tatu: amepeleleza, amepanda ukuta, na ameingia bila ya idhini wala salamu. Umar akamwachilia. Ikiwa khalifa hana haki ya kupanda ukuta wa raia mwenye kosa, raia naye hana haki ya kuvunja lango la mtawala mwenye kosa.

Na Waislamu wameshaona linavyokuwa lango likivunjwa. Mwaka 35 walikuja Madina watu kutoka Misri, Kufa na Basra, wakilalamikia wale Khalifa Uthman aliowapa kazi katika jamaa zake. Malalamiko yao hayakuwa yote uwongo. Imam Ali alisimama kati kuwasuluhisha, na Uthman alipanda mimbari akatubia mbele ya watu kwa waliyomlaumu. Lakini mambo yalikuwa yamekwisha vuka malalamiko. Siku moja alirushiwa changarawe naye yu juu ya mimbari, hatta akaanguka akachukuliwa hana fahamu. Kisha wakaizingira nyumba yake siku nyingi, wakamkatia maji. Naye ni mzee aliyepita miaka themanini, na ndiye aliyekinunua kisima cha Ruma kwa mali yake akakitoa sadaka ili Waislamu wanywe. Ali akawapeleka wanawe Hasan na Husein wakalinde mlango; Uthman akawakataza watu wasimwage damu kwa ajili yake. Mwezi wa Mfunguo Tatu, yaani Dhulhija, wakaingia kwa ukuta wa jirani wakamwua, na vidole vya mkewe Naila vikakatwa akimkinga. Walianza kwa maneno, wakaja kwa changarawe, wakaishia kwa panga, na umma haujaungana tena tangu siku ile.

Mwenye pupa atasema: basi na wazimwe wote mapema, wasije wakafika huko! Jawabu lake liko Kufa.

Baada ya vita vya Siffin, mwaka 37, Imam Ali alikubali ugomvi wake na Muawiya upelekwe kwa waamuzi wawili. Baadhi ya watu wake wakakasirika, wakasema amewafanya wanadamu kuwa mahakimu katika dini ya Mungu. Wakajitenga naye, akampeleka Ibn Abbas kujadiliana nao, na maelfu kati yao wakarejea. Waliobaki na msimamo wao wakawa wakija msikitini Kufa. Imam Ali akipanda mimbari, husimama mmoja pembeni akapiga kelele kwamba hapana hukumu illa ya Mwenyezi Mungu. Husimama wa pili upande mwengine. Kisha wa tatu, na kikundi kizima. Huyu ndiye Amiri wa Waumini, na ana jeshi. Angeweza kuwatoa nje kwa ishara ya kidole. Akasema kuwa neno lenyewe ni la haki, ila wanalolitaka kwalo ni batili. Kisha akawahakikishia mambo matatu: hawatazuiliwa misikiti ya Mwenyezi Mungu kulitaja humo jina Lake, hawatanyimwa fungu lao la mali ya umma maadamu mikono yao iko pamoja na Waislamu, wala hawataanzwa kupigwa vita mpaka waanze wao.

Mambo hayo matatu yafaa yaandikwe juu ya mlango wa kulla kituo cha polisi. Mwenye kuzomea asifukuzwe mahali pa umma. Asikatiwe riziki yake, kazi yake wala leseni yake. Asiguswe mwili wake. Na hayo waliahidiwa watu waliokuwa wakimkufurisha khalifa usoni mwake! Imam Shafi, ambaye Waislamu wengi wa pwani hii wanafuata madhehebu yake, ameitaja khabari hiyo katika kitabu chake Al-Umm, akaijengea hukumu kwamba watu wenye rai kama hiyo hawapigwi vita kwa rai yao. Na ametaja pia kwamba Umar bin Abdul-Aziz aliandikiwa na mtumishi wake kuwa kuna watu wanaomtukana. Akajibu kwamba wakimtukana, na watukanwe wao au wasamehewe. Wakichomoa silaha, nao wachomolewe silaha. Na wakipiga, wapigwe. Neno kwa neno, wala si neno kwa risasi.

Basi kilichowapata watu wale wa Kufa hakikutoka kwa Ali, kilitoka ndani yao wenyewe. Walitoka mjini wakakusanyika Nahrawan. Njiani wakakutana na Abdalla bin Khabbab, mtoto wa sahaba, pamoja na mkewe aliyekuwa mja mzito, wakamkamata ili wamwulize rai yake juu ya Ali. Wakati wanamwongoza, tende ilianguka kutoka mtini, na mmoja wao akaitia kinywani. Wenzake wakamkemea kwamba ameila bila ya thamani wala ruhusa, akaitema. Mwengine akampiga nguruwe wa dhimmi kwa upanga. Wakamwambia huu ni ufisadi katika nchi, akamtafuta mwenyewe akamridhisha. Kisha watu hao hao, wenye wara wa tende moja, wakamchinja Abdalla kando ya mto na wakampasua mkewe tumbo, kwa kuwa alimsifu Ali kwa kheri.

Hapo ndipo Ali alipowaendea, na hatta hapo hakuanza kwa upanga. Aliwataka wawatoe waliomwua Ibn Khabbab. Wakajibu kuwa wote wamemwua. Akampa Abu Ayub al-Ansari bendera ya amani, atakayeijia au akarudi zake mjini awe salama, wakaondoka wengi. Waliobaki wakapigana, wakaangamia, mwaka 38. (Na isifahamike kwamba khabari hii inaletwa kuwachoma ndugu Waibadhi, wanaokaa pwani hii tangu zamani. Madhehebu yao yanajitenga na kuwaua Waislamu ovyo, na mengi yaliyopita baina ya masahaba wao wana maneno yao juu yake. Makusudio hapa ni tendo, si jina.)

Suala: Ikiwa ndivyo, ni ipi hukumu ya yaliyofanywa Kenya mwaka 2024?

Jawabu: Hayafanyiwi hukumu moja. Kutembea barabarani mikono mitupu kwa kuukataa mswada ni haki, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 37, imewapa watu haki ya kukutana, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa amani na bila ya silaha. Na Muislamu aliyeandamana hivyo hakuvunja ahadi na serikali, bali ametumia ahadi hiyo. Kumpelekea mbunge ujumbe kwa simu, kumwambia usipige kura hii kwani itatuumiza, hiyo ni nasaha, hatta wakiwa watu elfu. Ujumbe huo ukiwa ni tusi, au tisho juu ya mtoto wake, umetoka katika nasaha ukaingia katika maudhi, na maudhi kwa Muislamu ni haramu, na kwa asiyekuwa Muislamu aliye katika amani vilevile. Kuvunja duka la mbunge na kuchukua unga na mafuta ni wizi, wala hauwi kitu chengine kwa kuitwa ghadhabu. Na kuingia Bungeni tarehe 25 Juni na kutia moto sehemu yake ni uharibifu wa mali ya umma, ambayo mwenye kuilipa ni yule yule raia aliyeikataa kodi.

Na serikali nayo ina hesabu yake, tena kubwa zaidi, kwani mali iliyoungua hujengwa na roho hairudi. Siku ile polisi walipiga watu risasi za moto, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu zaidi ya watu 50 waliouawa katika maandamano ya wiki zile. Na wengine walichukuliwa na watu wasiojuulikana, jamaa zao wasijue waliko. Siku ya pili Rais aliukataa mswada, asiutie sahihi. Kwa hiyo ilikuwa inawezekana kusikia. Lau masikio yalifunguliwa wiki moja mbele, wangeishi watu.

Suala: Na mwenye kudai kwamba anamwadhibu mwanasiasa kwa ajili ya dini na kuwanusuru Waislamu?

Jawabu: Hili limetokea Uingereza, na aibu yake imewafikia Waislamu wa ulimwengu. Kule mbunge ana desturi ya kukaa siku maalumu asikilize shida za watu wa jimbo lake, na kulla mtu humwingilia bila ya ulinzi mkubwa. Mwaka 2010 Stephen Timms, mbunge wa East Ham, alichomwa kisu na mwanamke aliyejifanya anakuja kumwamkia, naye akisema analipiza kura yake ya vita vya Iraki. Akapona, akaendelea kuwapokea watu. Mwaka 2016 Jo Cox aliuawa na mtu wa chuki za rangi, asiye na uhusiano wowote na Uislamu, ili ijulikane kuwa maradhi haya hayana dini moja. Na mwaka 2021 David Amess, mbunge wa Southend West, aliuawa ndani ya kanisa alimokuwa akisikiliza raia. Na aliyemwua ni kijana wa Kiislamu, aliyesema ni kwa sababu ya kura ya kupiga mabomu nchi ya Sham. Misikiti ya Southend ilitoa waraka wa pamoja kulilaani tendo hilo, kwani Amess alikuwa rafiki yao, akihudhuria mambo yao ya kheri. Kijana yule aliwafisha wote wawili: mbunge aliyekuwa na mlango wazi, na mlango wenyewe, ambao Waislamu wanyonge wa Uingereza walikuwa wakiutumia kuliko watu wengi.

Kura ya vita yaweza kuwa dhulma. Dhulma hiyo ina mahakama, ina maandamano, ina uchaguzi, na ina Siku ya Hesabu. Haina kisu cha mtu mmoja aliyejifanya yeye ndiye shahidi, na kadhi, na mchinjaji.

Imam Ali mwenyewe aliuawa hivyo hivyo. Mwezi wa Ramadhani mwaka 40, alfajiri, katika msikiti ule ule wa Kufa ambao hakukubali wafukuzwe waliokuwa wakimpigia kelele, Abdul-Rahman bin Muljam alimpiga kwa upanga wenye sumu kichwani. Akakamatwa, akaletwa. Ali, naye yu katika uchungu wa jeraha lake, akaamrisha mfungwa yule apewe chakula na kinywaji na asiteswe. Akawaambia wanawe kwamba akiishi, yeye mwenyewe ataona la kufanya, kusamehe au kulipiza. Na akifa, basi pigo moja kwa pigo moja, wala mwili wake usikatwe viungo. Na akawaonya jamaa zake, Bani Abdul-Muttalib, wasije wakaingia katika damu za Waislamu wakisema Amiri wa Waumini ameuawa: asiuawe kwa ajili yake illa aliyemwua.